Barabara Imefungwa, Mafundi Hawaonekani

Daladala ikikwama kwenye foleni ya ujenzi, hakosekani abiria wa kuuliza: "Sasa hawa wamefunga barabara ya nini, mbona hakuna anayefanya kazi?" Ana haki ya kuuliza. Upande mzima umezibwa, na ndani hakuna greda wala kijiko, ni mlinzi tu kajibanza kivulini.

Jibu mara nyingi liko kwenye zege. Njia za mabasi ya mwendokasi za Dar es Salaam, za kutoka Kimara hadi Kivukoni na zile za Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, ni za zege. Basi zito likifunga breki mahali pale pale kutwa nzima, juani, lami hulainika na kusukumwa mpaka inafanya makorongo. Zege halina tabia hiyo, ila lina masharti yake. Wengi hudhani linakauka kama nguo kambani. Sivyo: linakomaa kwa saruji kushikana na maji, kazi inayokwenda kimyakimya kwa siku nyingi. Maji yakipotea mapema mno, uso wake hupasuka na nguvu iliyokusudiwa haipatikani. Ndiyo maana hufunikwa kwa magunia na kumwagiwa maji mara kwa mara. Kwa saruji ya kawaida, siku ya 7 huwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu yake. Kipimo kinachotumika zaidi husubiri siku ya 28: michemraba iliyojazwa zege lile lile siku ya kumwaga hubanwa kwenye mashine ya maabara hadi ivunjike, ndipo ijulikane kama uimara umefikiwa.

Kelele za msumeno usiku wa manane nazo zina sababu. Zege likishika husinyaa, na lazima lipasuke mahali. Mafundi hulikata saa chache tu baada ya kumwaga, ili ufa ufuate mstari wao. Wakichelewa hadi kesho yake jioni, ufa utakuwa umeshajichagulia njia. Na bodaboda anayepenya kati ya vizuizi zege likiwa bado bichi huacha alama ya tairi ambayo haifutiki ila kwa kukwangua au kuvunja.

Chini ya zege kuna subira nyingine. Kifusi hushindiliwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hupimwa kabla ya lingine kumwagwa. Anayeruka hatua hiyo atatuachia barabara inayotitia masika ya kwanza.

Lakini si kila ukimya ni wa kitaalamu. Kuna mkandarasi ambaye hajalipwa, kuna bomba la maji au nyaya za umeme ambazo hakuna aliyezihamisha kwa wakati. Hapo barabara hufungwa miezi, na mwenye duka anaishia kuwavusha wateja juu ya ubao uliolazwa kwenye mtaro. Kuutofautisha ukimya huu na ule si kazi ngumu. Magunia mabichi, au mashimo madogo ya kupimia ushindiliaji, yanaonyesha kuwa kazi ipo. Nyasi zikiota kwenye rundo la kokoto, nenda kwenye ubao wa mradi. Soma jina la mkandarasi, la mhandisi mshauri na tarehe ya kumaliza, kisha upeleke swali lako serikali ya mtaa ukiwa na majina hayo mkononi.