Mlinda Mlango wa Barafuni Huiva Polepole

Mwezi wa Juni mwaka 2000 wakuu wa vilabu vya NHL, ligi kubwa ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada, walikusanyika mjini Calgary kwa kazi waifanyayo kila mwaka: kugawana vijana. Kila klabu kwa zamu yake hutaja jina la kijana mmoja, aghalabu wa miaka 18, na tangu hapo huwa na haki ya kumsajili peke yake. Jina la kwanza kutajwa lilikuwa la mlinda mlango, Rick DiPietro wa Chuo Kikuu cha Boston. Klabu ya New York Islanders iliyomchukua ilikuwa na hakika naye hata ikampeleka Florida mlinda mlango wake mwingine kijana, Roberto Luongo, ambaye yenyewe ilikuwa imemteua miaka mitatu tu kabla ya hapo.

Majina yaliendelea kutajwa. La 68 lilikuwa la Joel Lundqvist, mshambuliaji kutoka Uswidi, aliyechukuliwa na Dallas. Pacha wake Henrik, mlinda mlango, hakutajwa mpaka majina mengine 136 yalipokwisha kupita. Alikuwa wa 205. Klabu ya New York Rangers ilimchukua kwa ushauri wa msaka vipaji wake wa Ulaya, Christer Rockström.

Ndugu msomaji, magongo tuyajuayo wengi wetu ni yale ya nyasi, yaliyoifikisha Tanzania kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Haya ya barafuni ni mengine. Wachezaji huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma chini ya soli, na badala ya mpira wa mviringo hupiga kisahani kigumu cha mpira chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho huweza kwenda kasi ya kilomita 150 kwa saa. Goli lina upana wa meta 1.83 na kimo cha meta 1.22. Mtu aweza kudhani kuwa kulilinda goli dogo namna hiyo ni kazi rahisi, lakini mara nyingi mlinzi hakioni kisahani kikiondoka gongoni, kwa kuwa watu wamejazana mbele yake.

Sasa kijana wa namna hii apimwe vipi? Mshambuliaji huhesabiwa magoli yake. Mlinda mlango aliye nyuma ya timu imara hupigiwa mashuti machache, tena mepesi, naye huonekana hodari. Mwenzake wa timu dhaifu hufungwa sita, na pengine siku hiyo yeye ndiye aliyecheza vizuri kuliko wote uwanjani. Kwa hiyo wasaka vipaji wazoefu hutazama mambo mengine: kama macho na kichwa hukifuata kisahani kabla ya mwili, kama huteleza toka mwimo hadi mwimo bila kuyumba, na zaidi ya yote, hufanya nini katika dakika ile baada ya kufungwa. Wengine huwahi uwanjani kabla ya mchezo kuanza. Inasimuliwa kwamba Pekka Rinne wa Ufini, aliyekuwa wa akiba katika klabu ya Kärpät, alionekana zaidi wakati wa kupasha mwili moto kuliko katika mchezo wenyewe. Nashville ilimchukua mwaka 2004 akiwa wa 258, na mwaka 2018 alipata tuzo ya Vezina, ya mlinda mlango bora.

Baada ya kuteuliwa huja kungoja. Ligi ina vilabu 32, na kila klabu kwa kawaida huwa na walinda mlango wawili. Basi nafasi ni 64 tu. Winnipeg ilimteua Connor Hellebuyck mwaka 2012, wa 130, alipokuwa akichezea timu ya vijana ya Odessa, mji wa mafuta huko Texas. Ilimwacha asome na kucheza chuoni Massachusetts miaka miwili, kisha ikampeleka ligi ya chini. Aliingia NHL mwaka 2015, na Vezina ya kwanza akaipata mwaka 2020.

Zamani walinda mlango hawakuwa na mwalimu wao. Mazoezini walisimama tu wapigiwe mashuti. Mambo yalibadilika huko Quebec. Mwaka 1985, mjini Sherbrooke, François Allaire alimnoa kijana Patrick Roy katika mtindo wa kupiga magoti na kutandaza miguu pande mbili ili kuziba sehemu ya chini ya goli. Mwaka uliofuata Roy, mwenye miaka 20, aliipatia Montreal Kombe la Stanley. Nduguye Allaire, Benoit, ndiye aliyempokea Henrik Lundqvist New York mwaka 2005, akamfundisha kusimama ndani zaidi karibu na mstari ili apate muda wa kukiona kisahani. Henrik alikuwa amekwisha kukaa miaka mitano Gothenburg akikomaa na klabu ya Frölunda.

DiPietro hakupewa muda huo. Mwaka 2006 alitia sahihi mkataba wa miaka 15 wa dola milioni 67.5, kisha magoti na nyonga zikamsaliti. Mwaka 2013 klabu iliuvunja mkataba kwa makubaliano ya kumlipa dola milioni 1.5 kila mwaka hadi 2029. Asichekwe, hakujiteua mwenyewe. Luongo aliyeondolewa kumpisha alishinda michezo 489. Henrik alishinda 459, yote akiwa na Rangers.

Kwa maoni yangu, vilabu hivi na fedha zao zote bado vinabahatisha, na anayelipa ni kijana akaaye benchi mji wa mbali, pamoja na wazazi waliomnunulia vikinga miguu vipya kila alipoongezeka kimo.

Joel, aliyetajwa mapema, alicheza Dallas misimu mitatu akarudi Gothenburg. Mwezi wa Mei 2017, mjini Cologne, Uswidi iliishinda Kanada kwa penalti katika fainali ya dunia. Henrik alikuwa golini, na Joel alikuwamo katika kikosi hicho hicho.