Kwa Nini Daraja Moja Husimama na Jingine Huanguka

Wewe ukaaye Kibiti au Ikwiriri wajua safari ya kusini ilivyokuwa kabla ya mwaka 2003. Watu walivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakizidi, njia ilifungika. Mgonjwa akangoja ng'ambo pamoja na magunia ya korosho. Mwaka ule lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970. Lingali limesimama.

Lakini Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, barabara hiyo hiyo ilikatika huko Somanga, Wilaya ya Kilwa, na magari yakakwama siku kadhaa. Utauliza: imekuwaje mto mkubwa ushindwe, na vijito vidogo vishinde?

Wataalamu wa ujenzi hutuambia kwamba adui wa daraja mara nyingi si uzito wa malori, bali ni maji yachimbayo chini. Simika kijiti katika mchanga wa mfereji wakati maji yanapita. Utaona maji yanazunguka mguuni pake na kufanya shimo, hata kijiti kinalala. Ndivyo ilivyo kwa nguzo. Katika bonde la Rufiji chini ni mchanga na tope, kwa hiyo nguzo za daraja kubwa sharti ziteremshwe mbali sana, kupita pale maji yanapoweza kuchimba. Kalvati haina miguu mirefu hivyo. Tena ikizibwa na magogo na matete, maji hupanda juu ya tuta na kulila.

Huko delta, penye mikoko, kuna adui wa pili, yaani chumvi. Zege huonekana kama jiwe, kumbe lina vitundu vidogo mno. Chumvi hupenya polepole hata ifikie nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, nayo hulipasua zege kutoka ndani. Basi, ukiona chini ya daraja ufa mrefu wenye doa jekundu, usidhani ni uchafu tu. Mwambie mtendaji wa kijiji.

Dawa ziko. Ziko nondo za nyuzi za kioo, zisizoshika kutu kabisa, ila bei yake ni kubwa. Nyingine yatuhusu zaidi sisi wakulima: majivu ya pumba za mpunga. Pumba zikichomwa kwa moto wa kadiri, majivu yake yakasagwa laini na kuchanganywa na saruji, huviziba vile vitundu. Katika kilo 100 za mpunga, pumba ni kama kilo 20, na majivu yake kilo 4 hivi. Lakini sikiliza: majivu ya jikoni hayafai, maana moto wake haupimwi. Usiyatie katika msingi wa nyumba yako ukadhani umepata saruji ya bure!

Kabla ya masika, pelekeni vijana wakaondoe magogo katika kalvati. Msichote mchanga karibu na nguzo. Na maji yakipita juu ya barabara, usivuke, hata dereva akisema anaijua njia: huenda tuta limekwisha kuliwa, na lami imebaki kama mkeka juu ya shimo.