Tarehe 17 Januari: Siku Moja, Mambo Mengi

Kila mwaka tarehe 17 Januari ni siku ya mapumziko katika Lubumbashi, kama katika Kongo nzima. Mtoto akiuliza sababu yake, mzazi amjibu nini? Tumefungua kalenda na vitabu vya historia ili tusaidiane.

Siku hiyo ya mwaka 1961, jioni, ndege ilitua katika uwanja wa Luano. Ilileta wafungwa watatu: Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, mwenye umri wa miaka 35, Maurice Mpolo, aliyekuwa waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa pili wa rais wa Seneti. Mji wetu wakati ule uliitwa Élisabethville, nao ulikuwa makao ya serikali ya Katanga iliyojitenga. Usiku uleule walipelekwa porini karibu na Shilatembo, njia ya Likasi, wakapigwa risasi mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Kisha miili yao iliyeyushwa kwa asidi, lisibaki hata kaburi. Lakini mnamo Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Lumumba kwa watoto wake. Jino hilo lilifikishwa Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni.

Tarehe ileile, mwaka 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Mto wa moto ulipita katikati ya Goma, ukateketeza maelfu ya nyumba pamoja na kanisa kuu la jimbo. Watu zaidi ya mia moja walikufa, na wengine wengi sana walikimbilia Gisenyi, Rwanda.

Hapo wako wasemao kwamba siku hii ina mkosi. Sivyo! Tarehe 17 Januari 1942 alizaliwa Louisville, Marekani, Muhammad Ali, bondia yule aliyemshinda George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Na mwaka 1377, siku hiyohiyo, Papa Gregori XI aliingia Roma, akirudisha makao ya Mapapa kutoka Avignon. Tena ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Antoni Abate wa Misri, aliyewagawia maskini mali yake, akaenda jangwani kusali na kufanya kazi kwa mikono yake.

Basi, siku yenyewe haina kosa. Mlima hulipuka bila kumchukia mtu. Bali kule Shilatembo wako watu walioamua kuua, wako waliotii, na wako waliotazama wakanyamaza. Tofauti hiyo ndiyo yafaa mtoto aifahamu. Enyi wazazi, msimfundishe kuiogopa tarehe. Mtajieni majina yale matatu, mweleze waziwazi yaliyotendeka, naye ajue kwamba amri ya kumwua mfungwa haipaswi kutiiwa, hata itoke kwa mkubwa gani.