Farasi hawakimbii namna moja

Hapa kwetu mu miji ya migodi, farasi ni nyama wa kuona katika picha. Ndorobo, ule mdudu wa ugonjwa wa usingizi, anaua farasi pia, na hiyo ni sababu moja iliyozuia farasi kuenea katika inchi zetu. Lakini vijana wanaona mbio za farasi ku televizyo na kusema: «Wanakimbiaka tu, wa kwanza anapata.» Apana, bandugu. Tutwae mfano wa Ufaransa, kwa maana kule aina tatu kubwa zote zinapatikana.

Ya kwanza ni mbio ya uwanja sawa, bila kizuizi. Mbio ya Prix de l'Arc de Triomphe, iliyoanza mwaka 1920, inakimbiwa Longchamp, mjini Paris, kila mwanzo wa Oktoba: meta 2400. Mpandaji anapashwa kuwa mwepesi. Katika mbio fulani farasi mwenye nguvu zaidi anapewa mzigo zaidi: wanatia vipande vya risasi, ile madini nzito, kwenye tandiko, ili wengine nao wapate nafasi.

Ya pili ni ya kuruka vizuizi, na habari yake inagusa kanisa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752, huko Ireland, mabwana wawili walishindana kutoka kanisa la Buttevant mpaka lile la Doneraile, karibu kilometa 6 na nusu, wakiruka kuta na mitaro. Kwa nini kanisa? Juu ya mnara wake. Katika mashamba yasiyo na barabara, mnara ndio ulioonekana toka mbali. Mpaka leo jina la mbio hizo kwa Kiingereza, steeplechase, maana yake ni kufuatia mnara wa kanisa.

Kule Auteuil, mu Paris, mbio kubwa ya aina hii ni ya kilometa 6 na vizuizi 23. Ni mchezo wa hatari. Farasi ana kilo karibu 500 juu ya miguu myembamba. Mguu ukivunjika vibaya hawezi kulala wiki nyingi sawa vile mutu, na mara nyingi anauawa palepale. Uingereza, kwenye Grand National ya Aintree, walipunguza farasi kutoka 40 mpaka 34 mwaka 2024 kwa ajili ya usalama. Na mabinti wasikie: mwaka 2021 mbio hiyo ilishindwa na mwanamke kwa mara ya kwanza, Rachael Blackmore.

Ya tatu inatushangaza zaidi: farasi anakatazwa kukimbia mbio yake yote! Anapashwa kwenda mwendo wa kupiga miguu miwili-miwili, wa mbele wa kuume pamoja na wa nyuma wa kushoto. Akivunja mwendo na kuendelea hivyo, anafukuzwa, hata kama yuko mbele. Mara nyingi anavuta kigari cha magurudumu mawili, mwendeshaji amekaa nyuma ya mkia. Katika Prix d'Amérique ya Vincennes, farasi Ourasi alishinda mara nne: 1986, 1987, 1988 na 1990.

Sasa feza. Watu wengi hawaangalie farasi, wanaangalia feza waliyotia. Ufaransa, feza zote za wachezaji zinaingia mu sanduku moja. Tuseme watu kumi wametia franka 1000 kila mutu: ni 10 000. Nyumba ya mchezo na serikali wanatwaa sehemu yao mbele, tuseme 2 500. Zinabaki 7 500 za kugawa. Hata farasi gani ashinde, wale kumi pamoja wanarudi nyumbani na feza pungufu, na labda mojawapo ilikuwa ya masomo ya batoto.

Mwaka 1954 ulianzishwa mchezo wa tiercé, yaani kutaja watatu wa kwanza. Kupata feza kubwa, lazima uwapange sawasawa. Farasi 15 wakikimbia, kuna namna 2 730 za kuwapanga. Kijana anayependa hesabu ajaribu mwenyewe: 15 mara 14 mara 13.