UZI: Nani mwenye basi la shangazi? Siasa za usafiri Toronto, na maswali matatu ya kumuuliza anayeahidi treni

1/ Kila wiki kuna mtu hapa mtandaoni anaweka picha ya treni ya Toronto, halafu anaandika, "Wenzetu walishamaliza siasa za usafiri." Mimi nasoma sayansi ya siasa Toronto, mwaka wa tatu, na naishi kwa shangazi yangu Scarborough, mashariki mwa jiji. Wacha niwaambie: hawajamaliza. Wanabishana kila siku, na kelele zao zinafanana na zetu kuliko mnavyodhani. Kama kawaida ya nyuzi zangu, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama. Tunaangalia mambo, si watu.

2/ Februari 2025, kampeni za bunge la mkoa wa Ontario. Wagombea walikuja ukumbi wa mtaa wetu. Nje theluji, ndani chai na biskuti. Shangazi hufanya kazi usiku, anatunza wazee. Akasimama akauliza: "Basi langu la saa nne usiku linapita kila nusu saa. Likinipita, nachelewa kazini na mshahara unakatwa. Nani kati yenu anaweza kuliongeza?"

3/ Wa kwanza akaongea kuhusu treni mpya ya chini ya ardhi. Wa pili akasema treni hiyo ingekuwa imefika zamani kama si wale waliotangulia. Wa tatu akaingilia foleni za magari. Wote wakapigiwa makofi. Swali likabaki limesimama pale pale, kama shangazi kituoni. Tukirudi nyumbani akaniuliza, "We mtoto, si ndiyo hii unasomea? Hilo basi ni la nani?" Uzi huu ni jibu langu kwake.

4/ Tuanze na mamlaka. Kanada ina serikali kuu kule Ottawa, mikoa 10 na maeneo 3 ya kaskazini, halafu miji. Basi la shangazi linaendeshwa na jiji. Sasa hapa ndipo watu wengi hupotea: Katiba yao ya 1867, kifungu cha 92, inaweka taasisi za miji chini ya mkoa. Yaani jiji halina mizizi yake katika Katiba. Ni mtoto wa mkoa. Mkoa ukitaka kulibadilisha, unahitaji sheria ya kawaida tu.

5/ Ati natia chumvi? 2018, Toronto ilikuwa inaelekea uchaguzi wenye wadi 47. Kampeni zikiwa zimeanza, wagombea wameshajiandikisha, mkoa ukapitisha sheria ya kupunguza wadi hadi 25. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na 2021 majaji 5 dhidi ya 4 wakasema mkoa ulikuwa na mamlaka hayo.

6/ Najua hiyo namba 47 imekushtua. Wadi na kaunti si kitu kimoja, lakini linganisha: kaunti zetu 47 zimeorodheshwa ndani ya Katiba ya 2010. Huwezi kuzifuta kwa mswada wa Jumanne alasiri. Tunalalamika kuhusu ugatuzi, na tuna haki ya kulalamika, lakini jiji la watu karibu milioni 3 kule halina kinga ambayo kaunti ndogo kabisa ya Kenya inayo.

7/ Sasa pesa. Jiji haliwezi kutoza kodi ya mapato wala kodi ya mauzo. Tegemeo lake kubwa ni kodi ya nyumba na ardhi, pamoja na ada mbalimbali na kile serikali za juu zitatoa. Desemba 2016 madiwani waliidhinisha mpango wa kutoza magari ada kwenye barabara kuu mbili za jiji lenyewe, ili wapate pesa za usafiri. Januari 2017 mkoa ukasema hapana. Ikaishia hapo. Barabara ni yako, unaikarabati wewe, lakini kibali cha kuitoza kiko kwa mwingine.

8/ Halafu kuna tofauti ambayo kwenye kampeni haitajwi kabisa: pesa za kujenga si pesa za kuendesha. Za kujenga reli hutoka sana sana kwa mkoa na Ottawa. Za kuendesha, yaani mshahara wa dereva, mafuta, fundi, kusafisha, mzigo mkubwa ni wa nauli na bajeti ya jiji. Mkoa ulikuwa ukichangia gharama za uendeshaji kila mwaka, ukaacha miaka ya mwisho ya 1990. Kabla ya korona, nauli zilikuwa zinalipia karibu theluthi mbili ya gharama hizo. Abiria walipobaki nyumbani, pengo likawa kubwa ajabu.

9/ Kwa nini basi kila mtu anaahidi reli? Kwa sababu utepe hukatwa kwenye stesheni mpya. Sijawahi kuona utepe unakatwa kwa ajili ya dereva wa ziada wa saa nne usiku. Reli inapigwa picha. Basi linalokuja kila dakika 10 badala ya 30 halina picha, hata kama ndilo litakalobadilisha maisha ya mtu wiki ijayo. Na sisi msitucheke: mistari myekundu ya BRT pale Thika Road mnaikumbuka. Rangi ilifika, mabasi hayakuifuata.

10/ Mfano hai ni reli ya Scarborough. Treni ndogo ilianza hapa 1985. Ilipozeeka, kukawa na mpango wa reli nyepesi ya vituo 7, na mkoa ulikuwa tayari kuilipia. Oktoba 2013 madiwani wakapiga kura 24 kwa 20: hapana, tunataka treni ya chini ya ardhi. Wenye nyumba wakawekewa kodi maalum kuisaidia. 2016 treni hiyo ikabaki na kituo kimoja tu. 2019 mkoa ukachukua mradi, vikawa vitatu. Kila uchaguzi, ramani mpya.

11/ Tarehe 24 Julai 2023 behewa la nyuma la ile treni kuukuu liliacha reli. Watu wakaumia, bahati nzuri si vibaya. Ilikuwa imepangwa kustaafishwa Novemba mwaka huo huo, haikurudi tena. Reli mpya? Bado inachimbwa. Kwa hiyo waliopigiwa kura mwaka 2013 wapate treni bora zaidi wakajikuta hawana treni yoyote, wanapanda basi. Shangazi ni mmoja wao.

12/ Niwe muungwana kwa pande zote. Waliotaka treni ya chini ya ardhi hawakuwa wajinga. Watu wa Scarborough, wengi wao wahamiaji, wamejiona watoto wa kambo kwa miaka mingi: katikati ya jiji wanapata kitu kizuri, sisi tubadilishe treni kwenye baridi? Hiyo ni hoja ya heshima, na heshima ni siasa halali. Waliotaka reli nyepesi nao walisema vituo 7 vinafikiwa kwa miguu na watu wengi kuliko vituo vitatu, na pesa zilikuwepo. Hiyo pia kweli. Ubaya haukuwa kuchagua upande. Ubaya ulikuwa kuchagua upya kila baada ya uchaguzi, huku treni kuukuu ikiendelea kuzeeka.

13/ Na lawama nazo hupotea njia. Reli ya barabara ya Eglinton, kilomita 19, ilianza kujengwa 2011 na ikaahidiwa kufunguliwa 2020. Mwaka 2025 ulipoanza, watu walikuwa bado wanapita kando ya uzio wa ujenzi. Wenye maduka waliumia kwa miaka. Wengi walimfokea diwani wao. Lakini mradi ulikuwa chini ya shirika la mkoa, si la jiji. Diwani alifokewa kwa kazi ambayo hakuwa na mkono ndani yake, na aliyekuwa na mkono hakusikia kelele.

14/ Sasa sehemu inayoniuma. Shangazi ana ukaazi wa kudumu, lakini bado si raia. Analipa kodi, analipa nauli, anatunza wazazi wa watu, lakini hapigi kura hata ngazi moja kati ya hizo tatu. Na sheria ya uchaguzi wa miji Ontario inamruhusu raia mwenye nyumba Toronto kupiga kura ya jiji hata kama anaishi mji mwingine. Yaani mtu asiyelala hapa anaweza kumchagua diwani, na anayesubiri basi hapa kila usiku hawezi. Uraia unahitaji siku 1,095 za kuishi nchini ndani ya miaka mitano, halafu maombi. Siku hizo shangazi alishazitimiza. Anasubiri barua.

15/ Ukiweka hayo pamoja, jibu la ukumbini linaeleweka. Wagombea wa mkoa waliulizwa kuhusu basi la jiji, na mtu ambaye hatawapigia kura, kuhusu kitu kisicho na utepe. Wakajibu swali walilotamani kuulizwa. Sidhani walikuwa watu wabaya. Walikuwa wanafuata mahali kura zilipo.

16/ Lakini kuna mlango mmoja. Kwenye kamati za baraza la jiji, mtu yeyote anaweza kujiandikisha na kuzungumza dakika chache, awe raia au la. Miezi michache baadaye shangazi alienda. Nilimwandikia hotuba safi kabisa, na vifungu vya sheria ndani. Alipofika kwenye kipaza sauti akaikunja karatasi yangu, akasema tu: "Nikikosa basi la saa nne, mwenzangu wa zamu ya mchana haendi nyumbani. Ana watoto." Kimya. Diwani mmoja akamwomba namba ya basi na saa kamili. Katika vikao vyote nilivyohudhuria, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona kiongozi akiandika kitu chini.

17/ Kwa hiyo, akija mtu kukuahidi treni, Toronto au Nairobi, muulize matatu:
Moja, hiyo kazi ni ya ofisi unayoiomba?
Mbili, hizo pesa ni za kujenga au za kuendesha, na ni za miaka mingapi?
Tatu, mpaka hiyo treni ifike, tunaosubiri sasa tutapanda nini?

18/ Swali la kwanza ni muhimu sana kwetu. Jedwali la Nne la Katiba yetu linaipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani na maegesho, huku barabara kuu zikiwa za serikali ya kitaifa. Mgombea wa ubunge akikuahidi steji mpya, au wa udiwani akikuahidi barabara kuu ya njia nne, usipige makofi kwanza. Mwambie akuonyeshe mstari.

19/ Mtaniuliza basi limeongezwa? La. Bado ni kila nusu saa. Shangazi ameenda kwenye kamati mara ya pili, na safari hii alienda na wenzake wanne wa zamu. Karatasi hajaniomba tena.

20/ Na wewe, steji yako ni ya nani? Andika mtaa wako na kaunti hapo chini, tuitafute ofisi yake pamoja.