Neema na Dhuluma katika Butembo na Beni

Mahali ambapo serikali iko mbali na barabara ni mbovu, mtu hujifunza mapema kuitumia kila nafasi impitayo, wala hapana aibu katika jambo hilo. Wafanyabiashara Wanande wa Butembo, mji wa vilimani katika Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, walipata sifa kubwa kwa njia hiyo: waliuza kahawa, dhahabu na mboga, wakaagiza bidhaa Dubai na Guangzhou, wakazishusha Mombasa na kuzivusha Kasindi, huku wakitegemea zaidi uaminifu wa jamaa kuliko benki au mahakama.

Hata vita havikuwafungia mlango. Kundi la waasi la RCD-ML lilipoitawala Beni na Butembo mwanzoni mwa karne hii, matajiri hao walilitangulizia ushuru kabla bidhaa hazijafika mpakani, nao wakapunguziwa kiwango. Kwa kuwa kila upande ulimhitaji mwenziwe na uliweza kumkatalia, siwezi kusema kwamba mmoja wao alimdhulumu mwingine. Aliyepunjika ni mwenye duka dogo, ambaye hakuwa na fedha za kutanguliza.

Habari ya kakao ni chungu zaidi. Tangu Oktoba 2014 mauaji ambayo kwa sehemu kubwa yananasibishwa na kundi la waasi la ADF yamewaondosha wakulima wengi wa wilaya ya Beni katika mashamba yao, na nyuma yao wako waliochuma kakao ya wenzao waliokimbia, wakaiuza kwa wanunuzi wasiouliza shamba ni la nani. Na bei ya dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, tamaa hiyo ilipata chakula kingi.

Lakini jambo linalonihuzunisha kuliko yote ni lile lililokuja pamoja na maradhi. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, karibu na Beni, na hata ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki. Fedha nyingi zilimiminika. Magari na nyumba zikakodishwa, na ajira zikatolewa katika miji ambayo vijana wake wengi hawana kazi. Wenyeji, ambao kwa miaka minne walikuwa wakizika waliochinjwa bila kuona misafara kama ile, walisema wazi kwamba Ebola imekuwa biashara. Na uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa kwao hadi Machi kwa hoja ya maradhi na usalama, shaka yao ilizidi.

Ndani ya biashara hiyo wanawake ndio waliotozwa bei iliyo nzito kuliko zote. Mnamo Septemba 2020 waandishi wa habari walieleza madai ya wanawake 51 kwamba walinyanyaswa kingono na wafanyakazi wa misaada, wengi wao wapishi, wafagiaji na waelimishaji wa jamii, na mwaka mmoja baadaye tume iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ikataja watuhumiwa 83, ambao 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Wengi wa wanawake hao walisimulia habari moja: waliahidiwa kuandikwa kazi, au kubakizwa kazini, kwa sharti la kulala na mwenye kuandika. Mama mwenye watoto wa kulisha, aliyesimama mbele ya mtu anayeshika orodha ya majina, hana uwezo wa kukataa ambao tajiri wa Butembo alikuwa nao mbele ya waasi. Na pale ambapo hapana uwezo wa kukataa, hapana mapatano, hata kama ulimi umesema ndiyo.

Mkuu wa shirika aliomba radhi. Mwezi wa Novemba 2023 ikajulikana kwamba wanawake wasiopungua 104 walikuwa wamelipwa dola 250 kila mmoja, tena kwa sharti la kumaliza kwanza mafunzo ya kujitafutia riziki. Malipo hayo ni haba mno kuitwa fidia, na deni la wanawake hao bado halijalipwa.