Kutunza, Kukarabati, Kubadilisha: Kanuni za Uwajibikaji wa Deki na Roshani katika Makazi ya Pamoja

Ikisiri

Deki na roshani hutumiwa na mkazi mmoja, lakini hubebwa na muundo ambao ni mali ya wote. Zinapochakaa, huzuka swali la nani awajibike. Makala haya yanafafanua jinsi jimbo la California, Marekani, lilivyolijibu swali hilo kwa njia mbili: kutenganisha kisheria matunzo, ukarabati na ubadilishaji, na kulazimisha ukaguzi wa mara kwa mara. Baada ya hapo, yanachambua mafunzo yanayoweza kuwafaa watunga kanuni za makazi ya pamoja nchini Kenya, Tanzania na Uganda. Hoja kuu ni kwamba kanuni inayotumia kitenzi kimoja kwa majukumu matatu tofauti huzalisha mgogoro na huchelewesha hatua za usalama.

Istilahi muhimu: deki, roshani, mali ya pamoja, matunzo, ukarabati, akiba

1. Utangulizi

Tarehe 16 Juni 2015, roshani ya jengo la makazi ya kupangisha katika mji wa Berkeley, California, ilianguka ikiwa na watu juu yake. Vijana sita walifariki, watano kati yao wakiwa raia wa Ireland. Jengo hilo lilikuwa halijatimiza hata miaka kumi. Uchunguzi ulibaini kuwa boriti za mbao zilizoishikilia roshani zilikuwa zimeoza kwa sababu ya maji yaliyonaswa ndani yake.

Tukio hilo liliibua masuala mawili ya kisera. Kwanza, uozo huanzia mahali pasipoonekana, chini ya utando wa kuzuia maji na nyuma ya lipu au mbao za urembo. Mkazi anayefagia deki yake kila siku hawezi kuuona. Pili, katika makazi yenye wamiliki wengi, mkazi anayekanyaga deki si lazima awe ndiye mwenye mamlaka ya kuifungua na kuichunguza. Pengo kati ya watu hao wawili ndilo ambalo kanuni inapaswa kuliziba.

2. Deki ni ya nani?

Katika Kiswahili, neno deki limezoeleka kwa sakafu ya meli, na kupiga deki ni kusafisha sakafu kwa maji. Katika makala haya, deki ni sakafu ya nje iliyoinuliwa kutoka ardhini na kuunganishwa na jengo, ilhali roshani ni sakafu ya namna hiyo inayochomoza kutoka ghorofani. Istilahi hizi mbili zinahitaji ufafanuzi ndani ya kila kanuni, kwa kuwa umiliki hutegemea mpaka uliochorwa.

Sheria ya Madai ya California huyagawa makazi ya pamoja katika sehemu tatu. Ya kwanza ni sehemu binafsi ya mmiliki. Ya pili ni eneo la pamoja, kama vile paa na ngazi. Ya tatu ni eneo la pamoja lenye matumizi ya pekee, yaani sehemu iliyo nje ya mipaka ya nyumba ya mmiliki lakini iliyokusudiwa kumhudumia yeye peke yake. Kifungu cha 4145 kinazitaja roshani miongoni mwa sehemu za kundi hili la tatu, isipokuwa hati ya makazi ieleze vinginevyo.

Aina hii ya tatu ndiyo chimbuko la migogoro mingi. Mmiliki huona deki kuwa yake kwa sababu hakuna mwingine anayeifikia. Jirani wa chini huiona kuwa ya wote kwa sababu inapovuja, maji humdondokea yeye. Wote wawili wana sehemu ya ukweli.

3. Vitenzi vitatu, wajibu tofauti

Kwa muda mrefu, sheria ya California ilimtaka mmiliki kutunza eneo la matumizi yake ya pekee bila kufafanua iwapo kutunza kulijumuisha kukarabati na kubadilisha. Marekebisho ya kifungu cha 4775, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017, yaliondoa utata huo. Pale ambapo hati ya makazi haikueleza vinginevyo, mmiliki anawajibika kutunza eneo hilo, na chama cha wamiliki kinawajibika kulikarabati na kulibadilisha.

Mgawanyo huu unafuata uwezo halisi wa kila upande. Kutunza ni kazi ya mkazi aliyepo: kufagia majani, kuzibua matundu ya kutolea maji, kuinua vyungu vya maua ili sakafu ikauke, na kutoa taarifa anapoona ufa, doa la maji au ukingo unaotikisika. Kukarabati ni kurudisha sehemu iliyoharibika katika hali yake ya kazi, kama vile kuziba utando uliopasuka. Kubadilisha ni kuondoa kilichofikia mwisho wa umri wake na kuweka kipya. Kazi mbili za mwisho hugusa muundo wa jengo na huhitaji fundi mwenye ujuzi pamoja na mtazamo wa jengo zima. Kila mmiliki akiachiwa aifumue roshani yake kwa fundi wake, viungo vya utando kati ya nyumba moja na nyingine hubaki bila mwenyewe.

Hata hivyo, mgawanyo huo haumwondolei mmiliki dhamana ya matendo yake. Anayetoboa sakafu ili kusimika kivuli, au anayeweka mzigo usiokusudiwa, anaweza kubebeshwa gharama ya uharibifu aliousababisha. Kanuni nzuri hutaja makatazo hayo waziwazi na kuweka utaratibu wa kuomba kibali.

4. Ukaguzi wa lazima

Baada ya tukio la Berkeley, California ilitunga sheria mbili. Ya mwaka 2018 inahusu majengo ya kupangisha, na inataka ukaguzi kila baada ya miaka 6. Ya mwaka 2019 inahusu majengo ya wamiliki wengi yenye nyumba tatu au zaidi, na inataka ukaguzi angalau mara moja kila baada ya miaka 9, wa kwanza ukiwa umepangwa kukamilika kabla ya tarehe 1 Januari 2025.

Sheria hizi zinalenga sehemu za nje zilizo zaidi ya futi 6 kutoka ardhini, zinazokanyagwa na watu na kushikiliwa kwa kiasi kikubwa na mbao. Kwa majengo ya wamiliki wengi, mtaalamu mwenye leseni huchunguza sampuli nasibu inayotosha kitakwimu. Ripoti yake hueleza hali ya muundo na ya mfumo wa kuzuia maji, umri uliosalia na ukarabati unaopendekezwa. Akikuta hatari ya papo hapo, hukipa chama ripoti mara moja na kuifikisha kwa mamlaka ya ujenzi ya eneo ndani ya siku 15, na chama kinapaswa kuwazuia watu kuitumia sehemu hiyo bila kusubiri mkutano mkuu.

Kipindi cha miaka 9 kina mantiki ya kifedha. Sheria hiyohiyo huvitaka vyama kukagua mali ya pamoja angalau kila miaka 3 kwa ajili ya makadirio ya akiba. Kwa hiyo ukaguzi wa roshani huangukia kila awamu ya tatu ya makadirio hayo, na matokeo yake huingia moja kwa moja katika bajeti.

5. Fedha na gharama ya kuahirisha

Wajibu usio na fungu la fedha haujatekelezeka. Tarehe 24 Juni 2021, jengo la ghorofa la Champlain Towers South katika mji wa Surfside, Florida, liliporomoka na kuua watu 98. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imeonya kuwa deki ya bwawa la kuogelea haikuwa na mteremko wa kuondoa maji, na kwamba utando wake ulikuwa umeshindwa kazi. Wamiliki walivutana kwa muda kuhusu gharama. Mchango maalumu wa takriban dola milioni 15 uliidhinishwa miezi michache tu kabla ya maafa. Mwaka 2022 Florida ilitunga sheria inayodai ukaguzi wa muundo wa majengo makongwe na akiba maalumu kwa sehemu za msingi.

Funzo hapa ni kwamba mchango mdogo wa kila mwezi, uliokokotolewa kwa umri wa utando na boriti, ni rahisi kulipika kuliko dai kubwa la ghafla.

6. Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Kenya ina sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987. Tanzania ina ya 2008, na Uganda ina ya 2001. Zote hutenganisha sehemu binafsi na mali ya pamoja, huunda chombo cha wamiliki, na huacha nafasi ya kanuni za ndani. Nafasi hiyo ndiyo inayoweza kujazwa bila kusubiri bunge.

Mazingira ya kiufundi yana tofauti. Roshani nyingi za miji ya ukanda huu ni za zege. Adui wake ni kutu ya nondo, hasa pwani ambako hewa ina chumvi. Nondo zinapopata kutu huvimba na kuupasua zege kutoka ndani. Madoa ya kahawia na vipande vinavyobanduka chini ya roshani ni dalili za kuripotiwa mara moja. Kuna pia suala la mizigo: tangi la lita 1,000 likijaa huwa na maji ya kilo 1,000, na sakafu ya roshani haijasanifiwa kwa uzito wa namna hiyo.

Kanuni za ndani zinapaswa kujibu angalau maswali matano:
(a) Mpaka wa sehemu binafsi unaishia wapi: kwenye marumaru, kwenye utando, au kwenye zege?
(b) Nani anatunza, nani anakarabati, na nani anabadilisha?
(c) Nani anakagua, kila baada ya muda gani, na ripoti inasomwa na nani?
(d) Fedha zinatoka fungu lipi, na zinakokotolewaje?
(e) Nani ana mamlaka ya kuifunga roshani yenye hatari siku hiyohiyo?

Kwa kuwa wakazi wengi ni wapangaji, majibu hayo yanafaa pia kuingizwa katika mikataba ya upangishaji, na kwa lugha wanayoielewa. Mpangaji ndiye wa kwanza kuona ufa, lakini mara nyingi hajui amwambie nani.

7. Hitimisho

Uzoefu wa California na Florida unaonyesha kuwa usalama wa deki na roshani hutegemea ufundi wa mjenzi pamoja na usahihi wa maneno ya kanuni. Kutunza kuwe kwa mkazi. Kukarabati na kubadilisha kuwe kwa chombo cha pamoja. Ukaguzi uwe na tarehe, na akiba ilingane na ripoti ya mkaguzi. Inapendekezwa kwamba mamlaka za ardhi na nyumba katika ukanda huu ziandae kielelezo cha kanuni za ndani kwa Kiswahili, chenye fasili za vitenzi hivyo vitatu, ili kila chombo cha wamiliki kikirekebishe kulingana na jengo lake.